Maporomoko ya Maji, Maporomoko ya Ardhi: Picha kama Ushahidi wa Mazingira Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya picha katika utafiti na uhifadhi wa maji mashariki mwa Uganda, hususan katika miji ya Jinja na Mbale. Yanaanzia kwenye mijadala iliyozuka kuhusu picha za Aktiki, kisha yanafuatilia barafu ya Rwenzori, Ziwa Viktoria na mlango wake wa Nile, na hatimaye miteremko ya Mlima Elgon. Hoja kuu ni kwamba picha huwa ushahidi pale inapoambatana na taarifa za mahali, tarehe, upande ilikoelekezwa na kilichoachwa nje ya ukingo wake. Kwa sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda, taarifa hizo ama hazikuandikwa au zimehifadhiwa mbali na watu wanaozihitaji, na pengo hilo lina gharama ya maisha.

Utangulizi

Mnamo Januari 2020, wakati wa Jukwaa la Uchumi Duniani mjini Davos, shirika la habari la Associated Press lilisambaza picha ya wanaharakati vijana wa tabianchi. Vanessa Nakate wa Uganda, ambaye alikuwa Davos pamoja na wanasayansi wa kambi iitwayo Arctic Basecamp, alisimama mwisho wa safu. Katika picha iliyowafikia wasomaji hakuwamo. Waliobaki walikuwa wanawake wanne, wote Wazungu. Maelezo ya kwanza ya shirika hilo yalikuwa ya kiufundi: jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha, kwa hiyo ukingo ulikatwa. Baadaye shirika liliomba radhi na kutoa picha nzima.

Tukio hilo limejadiliwa sana kama suala la ubaguzi, na kwa haki. Lina upande mwingine ambao mtafiti wa mazingira hana budi kuutazama. Msomaji aliyeona picha iliyokatwa hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba ilikuwa imekatwa. Picha haibebi kovu. Hati ikichanwa, ukingo wake huonyesha. Picha ikipunguzwa, ukingo mpya huwa mnyoofu kama wa awali.

Miaka miwili na nusu kabla ya hapo, Agosti 2017, timu ya SeaLegacy, shirika la uhifadhi wa bahari lililoanzishwa na wapigapicha Paul Nicklen na Cristina Mittermeier, ilimrekodi dubu mweupe aliyekonda vibaya katika Kisiwa cha Somerset kaskazini mwa Kanada. Video hiyo ilitazamwa duniani kote. Jarida la National Geographic liliiwekea maandishi yaliyosema kwamba hivyo ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana, kisha mwaka 2018 likakiri kwamba lilikuwa limevuka mpaka, kwa sababu hapakuwa na njia ya kujua kilichomkondesha dubu yule mmoja. Barafu ya bahari inapungua. Hilo limepimwa kwa setilaiti kwa zaidi ya miaka 40. Mnyama mmoja hawezi kubeba mzigo wa vipimo vyote hivyo.

Visa hivi viwili vinawahusu watu wa fani tatu ambazo siku hizi hufanya kazi bega kwa bega: mtafiti wa barafu, mhifadhi wa bahari na msimulizi anayetumia picha. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki fani hizo zaweza kuonekana za mbali. Hata hivyo, Jinja ina kituo cha utafiti wa samaki kilichoanza mwaka 1947 na makao makuu ya shirika la kikanda la uvuvi, na Mbale imezungukwa na miteremko iliyochunguzwa na wataalamu wa udongo kwa miongo kadhaa. Kiswahili chenyewe kinaiunganisha miji hiyo miwili kwa neno moja. Kinachomwagika kwenye mwamba ni maporomoko, na kinachoteremka na nyumba za watu pia ni maporomoko. Jinja ilipoteza maporomoko yake ya maji. Mbale inaendelea kupata ya ardhi.

Barafu iliyopigwa picha kabla ya kuyeyuka

Uganda ina barafu yake, ingawa iko magharibi. Mwaka 1906 msafara wa Mwana wa Mfalme Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, ulipanda vilele vya Rwenzori ukiwa na mpigapicha Vittorio Sella. Sella alibeba kamera nzito na sahani za vioo katika matope na mvua, akarekodi vilele na barafu yake kwa usahihi ambao haukuwa wa kawaida wakati ule. Picha zake, pamoja na ramani za msafara, ndizo msingi wa ulinganisho wa karibu kila kazi iliyofuata. Kwa kuzitumia, eneo la barafu la mwaka 1906 limekadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5. Richard Taylor na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2006, walikadiria kilomita za mraba 2.01 kwa mwaka 1987 na 0.96 kwa mwaka 2003. Kuhusu sababu, wataalamu hawakukubaliana: kundi hilo lilitaja kupanda kwa joto la hewa, na wengine wakataka uzito zaidi utolewe kwa kupungua kwa unyevu na mawingu. Kuhusu kupungua kwenyewe hapakuwa na ubishi, kwa kuwa mahali pa kamera ya Sella palijulikana.

Njia hiyo ndiyo ambayo James Balog aliipeleka Aktiki mwaka 2007 kwa mradi wa Extreme Ice Survey, akifunga kamera kwenye miamba ili zipige picha ileile mchana kutwa kwa miaka. Filamu ya Chasing Ice ya mwaka 2012 ilitokana na kazi hiyo. Nguvu yake ipo katika kamera isiyosogea.

Lakini Rwenzori ina funzo jingine ambalo halizungumzwi sana katika vikao vya sera. Utafiti uliofuata katika bonde la Mto Mubuku ulionyesha kwamba maji yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Wakulima wa Kasese wanategemea mvua na misitu, kwa kiasi kikubwa kuliko barafu. Picha ya kilele kinachokuwa cheusi ni ya kweli na inahuzunisha, ila inaweza kuipeleka bajeti mahali pasipohusika. Mshauri wa sera anayeiona picha hiyo anahitaji karatasi ya pili pembeni yake, nayo ni ya kipimo cha mto.

Jinja: maporomoko yaliyozama

John Hanning Speke alifika mahali Nile inapotoka ziwani tarehe 28 Julai 1862 akapaita maporomoko ya Ripon. Kwa karibu karne moja wageni waliyachora na kuyapiga picha. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na Ripon ikatoweka chini ya maji. Kwa hiyo kila mtu aliyezaliwa Jinja baada ya hapo anaijua Ripon kwa picha tu. Nyingi kati ya picha hizo zilipigwa kwa ajili ya kadi za posta na vitabu vya safari. Zinaonyesha uzuri wa mahali, na mara chache sana zinasema mwezi gani zilipigwa, jambo ambalo lingemwezesha mtafiti kuulinganisha urefu wa maji kwenye mwamba na kumbukumbu za kina cha ziwa.

Kumbukumbu hizo zipo, na ni miongoni mwa hazina kubwa za kisayansi za Afrika Mashariki. Usawa wa Ziwa Viktoria umepimwa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa takriban mita 2.5, na mwezi Mei 1964 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.41. Mwezi Mei 2020 kilisoma mita 13.42. Mialo na nyumba za ukingoni zilifunikwa, na mwezi Aprili mwaka huohuo kisiwa kinachoelea cha mimea na udongo kilinasa kwenye mitambo ya Nalubaale na kuikatia nchi umeme.

Sababu ya mapando hayo mawili haikutoka Aktiki, na kwa sehemu kubwa haikutoka hata kwenye mito. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ya vuli ya Afrika Mashariki huongezeka pale upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi unapokuwa na joto zaidi kuliko upande wa mashariki, hali ambayo wataalamu huiita Daipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1961 ulikuwa hivyo. Mwaka 1997 ulikuwa hivyo, ukichanganyika na El Niño. Mwaka 2019 daipoli ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kurekodiwa. Mkaazi wa Jinja asiyewahi kuiona bahari anaishi na matokeo yake, na hilo linatosha kuonyesha kwamba uhifadhi wa bahari si shughuli ya watu wa pwani peke yao.

Ripon haikuwa ya mwisho. Maporomoko ya Bujagali, yenye umuhimu wa kiroho kwa Wasoga, yalizamishwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Hapa picha hazikosekani. Kwa miaka mingi waendesha mashua za watalii waliyarekodi karibu kila siku. Tatizo limegeuka: kuna maelfu ya picha za watu wenye makoti ya kuokolea maisha wakipindukia kwenye mawimbi, na ni chache mno zinazomwonyesha mwamba kwa namna inayoweza kupimika, au kuwaonyesha wenyeji wakiwa katika shughuli zao. Mtu aliyelipia safari ndiye aliyeamua kamera ielekee wapi. Chini zaidi ya mto, serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kuyalinda maporomoko ya Kalagala kama fidia ya Bujagali. Bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likazua mjadala kuhusu kiasi gani cha eneo hilo kingefunikwa. Mjadala wa namna hiyo ungeamuliwa kwa urahisi zaidi kama pangekuwapo picha zenye tarehe, zilizopigwa kutoka sehemu zilezile.

Ndani ya ziwa, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu samaki hawaonekani. Uchunguzi wa kwanza wa uvuvi ulifanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928. Mwaka 1947 kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kikaanzishwa Jinja. Mrithi wake wa leo ni taasisi ya taifa ya NaFIRRI. Geoffrey Fryer, mmoja wa wanasayansi waliofanya kazi huko, alichapisha mwaka 1960 onyo dhidi ya pendekezo la kuleta sangara. Onyo lilichelewa. Kufikia mwaka huo sangara alikuwa tayari amevuliwa ziwani, na utafiti wa kihistoria uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba alianza kuingizwa upande wa Uganda tangu mwaka 1954. Katika miaka ya 1980 idadi yake ililipuka. Furu, ambao Waganda huwaita nkejje, walikuwa na spishi takriban 500, na inakadiriwa kwamba mamia yake yalitoweka. Baadhi zilijitokeza tena katika miaka ya 1990 sangara alipopungua.

Leo Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, huratibu uchunguzi unaotumia mwangwi. Chombo hupeleka mlio wa sauti chini ya maji. Mlio hugonga kibofu cha hewa cha samaki na kurudi. Kompyuta huuchora mrejesho huo kama picha ya rangi, yenye madoa makubwa ya sangara mmojammoja na mawingu ya dagaa, au mukene kwa jina la Uganda. Hiyo ni picha kamili, na ni picha adilifu kwa sababu moja: haiwezi kutolewa bila kina, saa, njia ya chombo na nguvu ya mlio kuandikwa pamoja nayo. Bila taarifa hizo programu haichori chochote chenye maana. Kamera ya kawaida haina sharti hilo, na hapo ndipo penye hatari.

Hatari hiyo ilidhihirika katika filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza na baadaye kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu iliunganisha minofu ya sangara inayosafirishwa Ulaya, umaskini wa mwaloni na ndege za mizigo zinazodaiwa kuleta silaha. Picha za mapanki, yaani mifupa ya sangara baada ya minofu kutolewa, yakianikwa juani huku yakiwa na funza, zilibaki katika kumbukumbu za watazamaji. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon alitilia shaka ukweli wake, Sauper akamshtaki kwa kashfa na kushinda. Ubishi mmoja ulihusu jambo dogo kabisa: mapanki yale yalikuwa chakula cha watu, au ya kulishia mifugo? Jibu lingepatikana kwa sentensi moja ya maelezo, ikitaja mahali, mwezi na mnunuzi. Kwa maoni ya makala haya, Sauper alikuwa sahihi kuuliza nani anakula minofu na nani anabaki na mfupa. Alikosea kuiachia picha ifanye kazi ya kumbukumbu za biashara. Nchi tatu zinazomiliki ziwa zilibaki zikibishana kuhusu heshima ya mji mmoja, na suala la samaki likasahauliwa.

Kwa upande wa Uganda, picha zilizosambaa tangu mwaka 2017 ni za aina nyingine. Mwaka huo kikosi cha jeshi kilipewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu. Boti zisizofikia urefu wa futi 28 na nyavu zisizoruhusiwa zilichomwa moto. Kwa wanaotetea operesheni hiyo, picha ya boti inayoungua inaonyesha sheria ikitekelezwa na sangara wakipewa nafasi ya kukua. Kwa mvuvi, inaonyesha ada ya shule ikigeuka majivu. Picha ni ileile. Kinachoziamua tafsiri mbili hizo ni takwimu za samaki kabla na baada, kipimo cha boti husika, na kama mwenye boti aliwahi kupewa muda wa kuibadilisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya picha.

Mbale: mteremko unaojifunika

Mji wa Mbale umejengwa chini ya ukingo wa Wanale, ambao baada ya mvua huteremsha mistari myeupe ya maji inayoonekana kutoka barabarani. Nyuma yake unapanda Mlima Elgon hadi mita 4,321. Elgon nao uliwahi kuwa na barafu katika enzi za kale. Mabonde na marundo ya mawe yaliyoachwa nayo bado yanaonekana karibu na kilele. Leo hatari yake ni udongo. Miteremko ya Bududa, iliyokuwa sehemu ya kaunti ya Manjiya, ni mikali, ina udongo mzito wenye mfinyanzi unaoshika maji, na inalimwa na watu wengi kwa kila kilomita ya mraba.

Mwaka 1997, mwaka wa daipoli na El Niño, maporomoko ya ardhi yaliwaua watu 48 Manjiya. Knapen na wenzake, akiwemo Mary Goretti Kitutu ambaye baadaye aliandika tasnifu juu ya Bududa na kuwa waziri, walichora ramani ya maporomoko 98 ya eneo hilo na kukadiria kwamba yalisogeza mita za ujazo zipatazo milioni 11 za ardhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Nametsi uliporomoka na kukifunika kituo cha afya, soko na nyumba. Zaidi ya watu 300 walikufa au kupotea. Yalifuata ya Oktoba 2018 kando ya Mto Suume, ya Desemba 2019, na ya Novemba 2024 katika wilaya ya Bulambuli. Mbale mjini, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua zaidi ya watu 20 na kuvunja mabomba ya maji.

Hapa ni lazima kuongeza tahadhari ileile iliyotolewa kuhusu dubu. Mafuriko ya Julai 2022 yalitokea wakati daipoli ilikuwa kinyume, yaani katika hali ambayo kwa kawaida huleta ukame wa vuli. Si kila maji yanayovunja daraja la Mbale yametumwa na Bahari ya Hindi. Mengine yametumwa na kingo za mito zilizojengwa na mifereji iliyojaa taka, na kwa hayo mhusika ni baraza la mji.

Kovu la maporomoko lina tabia moja inayowasumbua watafiti: linapona upesi. Baada ya misimu michache ya mvua, migomba na maharage hufunika mahali ambapo udongo ulikatika, na mtazamaji wa kawaida haoni tena kitu. Picha za setilaiti zinasaidia, ila katika miezi ya mvua, ambayo ndiyo miezi ya maporomoko, mawingu huufunika mlima, na rada inayopenya mawingu inahitaji mtaalamu wa kuisoma. Kwa sababu hiyo orodha za maporomoko yaliyopita hupungukiwa na yale madogo ya zamani, na ramani ya hatari inayotokana na orodha hizo huonyesha usalama mahali ambapo kuna migomba tu. Picha ya mwananchi iliyopigwa kwa simu siku ya tukio, ikiwa na tarehe na jina la kijiji, inaweza kuziba pengo ambalo setilaiti haiwezi. Picha hizo zipo kwa wingi. Zimo katika simu za watu, na simu zinapotea.

Yapo pia mambo ambayo picha za majanga haziyaonyeshi kwa sababu hutokea kabla ya kamera kufika. Mteremko unaojiandaa kuporomoka mara nyingi hupasuka juu yake. Nyufa hupanuka, chemchemi mpya hutokea, miti huinama. Hivi ndivyo vitu vinavyopaswa kupigwa picha kila mwezi kutoka sehemu ileile. Kamera za habari huja baada ya maiti, hukaa siku tatu, kisha huondoka, na hifadhi ya picha za Bududa inakuwa hifadhi ya misiba isiyo na mwanzo.

Kisha kuna suala la nani amekatwa nje ya picha ya uhifadhi. Elgon ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Picha za angani zinaonyesha mstari mkali kati ya msitu na mashamba, na mstari huo umetumika mara kwa mara kueleza kwamba wakulima wanaula mlima. Haionekani katika picha hiyo kwamba mpaka ulichorwa mara mbili, mwaka 1983 na mwaka 1993, kwa vipimo visivyolingana. Wala kwamba Wabenet, waliokuwa wakiishi na kufuga katika sehemu za juu, walilazimika kwenda mahakamani na mwaka 2005 wakapata hukumu ya kuwatambua. Picha ya angani haina uwezo wa kuonyesha haki ya ardhi. Anayeitumia bila historia hiyo anafanya kile alichofanya mhariri wa Davos, tofauti ikiwa tu kwamba hapa waliokatwa ni kaya nyingi.

Vituo vya kudumu, maelezo na ridhaa

Kinachohitajika si ghali. Kigingi cha zege chenye namba, kilichowekwa mahali penye upeo mzuri wa kuona, kinatosha kuwa kituo cha kudumu. Picha ipigwe kutoka hapo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa vuli, na mara moja zaidi baada ya tukio. Kadi fupi ieleze kituo, tarehe, saa, uelekeo wa dira, aina ya lenzi, jina la mpigaji iwapo ameridhia, na sentensi moja kuhusu kilichopo kulia na kushoto kwa ukingo. Sentensi hii ya mwisho haimo katika miongozo mingi ya kupiga picha za kujirudia, na ndiyo inayofaa zaidi kusisitizwa. Kwa Jinja, vituo vyaweza kuanzia mlango wa Nile, mwalo wa Masese na ukingo wa Kalagala. Kwa Mbale, ukingo wa Wanale, madaraja ya Nabuyonga na Namatala, na miteremko ya Bududa yenye nyufa zinazojulikana kwa wenyeji.

Wa kuzitunza wapo. NaFIRRI na shirika la uvuvi ziko Jinja. Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema viko Mbale. Mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011, umeonyesha kwamba makusanyo ya picha ya watu binafsi yanaweza kunakiliwa kidijitali kwa idhini ya wenyewe na nakala zikabaki nchini. Picha za Sella zimetunzwa vizuri mjini Biella, Italia, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwanafunzi wa Mbale anayetaka kuzilinganisha na hali ya leo bado anahitaji intaneti nzuri na barua ya maombi.

Lugha ya kadi hizo nayo ni suala la sera. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mwezi uleule Mbale ilipofurika. Kadi ya Bududa iandikwe kwa Lugisu na Kiswahili, na ya Jinja kwa Lusoga na Kiswahili, ili msomaji wa Kisumu au Mwanza aisome bila mkalimani. Hapo neno maporomoko litahitaji kufungwa: maporomoko ya maji, maporomoko ya ardhi, na kwa hali za kati ambapo tope hutiririka kama mto, mtiririko wa matope. Kadi inayosema maporomoko pekee itamchanganya hakimu au mhandisi atakayeisoma baada ya miaka 30.

Lililo gumu zaidi ni ridhaa. Baada ya Nametsi, familia zilihamishiwa Kiryandongo mwaka 2010, na baadhi zilirudi mlimani. Kuanzia mwaka 2019 nyingine zilipelekwa Bunambutye, Bulambuli. Mkulima anayeona ufa juu ya shamba lake anajua kwamba picha ya ufa huo inaweza kuiokoa familia yake, na pia inaweza kuwa karatasi ya kwanza katika jalada la kumhamisha. Mvuvi wa Masese anajua kwamba picha ya mwalo inaweza kuwa takwimu ya utafiti asubuhi na orodha ya boti za kuchomwa jioni. Hivyo kanuni za hifadhi zieleze tangu mwanzo kwamba picha zilizotolewa na wananchi kwa ajili ya tahadhari hazitatumika kama ushahidi dhidi yao, na zitaje ofisi itakayojibu iwapo kanuni hiyo itavunjwa. Bila kifungu hicho, vigingi vitawekwa, na hakuna atakayesimama penye kigingi kupiga picha.